Kinyozi Hajinyoi: Somo juu ya Washauri wa Fedha Walioishiwa



Somo hili limeandaliwa ili lisomwe kwa pamoja katika vikundi vya elimu vya vyama vya msingi. Tunashauri msomaji mmoja asome sehemu moja kwa sauti, kisha wanakikundi waizungumze kabla ya kwenda mbele. Mwishoni yapo maswali ya mazungumzo.

MADHUMUNI. Baada ya somo hili mwanachama aweze:
(a) kueleza kwa nini mtu mwenye elimu ya fedha huweza kuishiwa;
(b) kuupima ushauri wa fedha kabla ya kuufuata;
(c) kutaja taratibu zinazomlinda mtumishi wa chama, na fedha ya chama, wakati mtumishi huyo amebanwa na madeni yake binafsi.

1. SWALI LENYEWE

Hutokea katika mkutano mkuu kwamba katibu amesimama kueleza faida za kuweka akiba, na mwanachama aliyeketi nyuma akamnong'oneza jirani yake: "Anatufundisha sisi, naye anadaiwa dukani tangu mwaka jana." Mnong'ono huo huenea ukumbini upesi kuliko hotuba. Katibu akiusikia huona haya, na tangu siku hiyo hujitahidi kuficha hali yake. Hapo ndipo hatari huanza, kwa sababu mtu yule anayeficha upungufu wa nyumbani kwake ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa sanduku la chama.

Jambo hili halikuanza kwetu, wala si letu peke yetu. Katika nchi za Marekani na Uingereza wako walimu wa fedha ambao hufundisha kwa njia ya televisheni, na mamilioni ya watu huwasikiliza. Baadhi yao wamewahi kuanguka wenyewe, wengine kabla ya kuwa walimu, na wengine wakiwa katikati ya kufundisha. Kwa kuwa habari zao zimekwisha kuwa wazi kwa watu wote, na wenyewe wamezisimulia, twaweza kujifunza kwazo bila kumwaibisha mtu wa kijiji chetu. Basi tutazame watatu miongoni mwao.

2. WALIMU WATATU WA TELEVISHENI

Wa kwanza ni Suze Orman wa Marekani. Kipindi chake cha mashauri ya fedha kilionyeshwa katika televisheni ya CNBC tangu mwaka 2002 hadi 2015. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1970, alikuwa mhudumu wa mezani katika mkahawa mmoja wa mji wa Berkeley, jimbo la California, kwa kipato cha dola 400 hivi kwa mwezi. Alitamani kuwa na mkahawa wake mwenyewe. Wateja waliomzoea walichangishana wakamkopesha dola 50,000. Hawakuwa mabenki, walikuwa watu aliowapelekea chai na mayai kila asubuhi.

Mwaka 1980 alizipeleka fedha hizo kwa dalali wa kampuni ya Merrill Lynch ili zitunzwe mpaka atakapokuwa tayari kufungua biashara. Kwa maelezo yake mwenyewe, dalali alimpa karatasi ambazo hazijajazwa, akamwambia atie sahihi na mengine yatajazwa baadaye. Akatia. Fedha zikaingizwa katika biashara ya kubahatisha bei za hisa, na baada ya miezi michache hakikubaki kitu.

Yaliyofuata yanastahili kukumbukwa. Hakukimbia. Aliomba kazi katika ofisi ile ile, akaajiriwa, na alipokuwa akisomea kazi ya udalali akatambua kwamba kanuni zilimtaka dalali ajue hali ya mteja kabla ya kuziingiza fedha zake hatarini. Aliishtaki kampuni hiyo angali mtumishi wake. Kampuni ilimrudishia fedha pamoja na riba, naye akawalipa waliomkopesha.

Wa pili ni Dave Ramsey, naye Mmarekani, wa jimbo la Tennessee. Alianza ujana wake kwa kununua nyumba za kupangisha, na kufikia mwaka 1986 nyumba hizo zilikadiriwa kuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 4. Macho ya watu yaliona tajiri. Lakini nyumba hizo zilinunuliwa kwa mikopo, na sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilikuwa ya muda mfupi, ambayo benki ilikuwa na haki ya kuidai kabla ya nyumba kujilipia. Mabenki yaliyomwamini yalipoingia mikononi mwa wenyewe wapya, hao wapya walidai chao, jumla ya dola milioni 1.2. Nyumba haiuzwi kwa siku moja kama fungu la mchicha. Mwezi Septemba mwaka 1988 Ramsey aliandikishwa mahakamani kuwa amefilisika.

Mwaka 1992 alianza kutoa mashauri ya fedha redioni mjini Nashville, na baadaye, kuanzia 2007 hadi 2010, alikuwa na kipindi cha televisheni katika Fox Business. Hakuwaficha wasikilizaji kuanguka kwake. Aliweka habari hiyo mbele kama utangulizi wa mafundisho yake.

Wa tatu ni Phil Spencer wa Uingereza. Mwaka 1996 alianzisha kampuni mjini London iitwayo Garrington, ambayo kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu nyumba za kununua na kulipwa ujira. Tangu mwaka 2000 yeye na mwenzake Kirstie Allsopp wakaonekana katika televisheni ya Channel 4 wakiwashauri wananchi namna ya kununua nyumba, ambalo kwa familia nyingi ndilo tumizi kubwa kuliko yote maishani. Mwaka 2008 mabenki yalitikisika, mikopo ya nyumba ikawa adimu, na wanunuzi wakatoweka. Kampuni inayolipwa ujira wakati nyumba inaponunuliwa haina chakula nyumba zisiponunuliwa. Mwaka 2009 kampuni ya Garrington ilishindwa kulipa madeni yake na kuwekwa chini ya wasimamizi wa kisheria. Kipindi cha televisheni kiliendelea kuonyeshwa.

3. JE, NI UJINGA?

Mwanachama aweza kusema kwamba watu hawa waliponzwa na kutojua. Kwa Orman huenda neno hilo likawa na ukweli kidogo, maana alikuwa hajasomea fedha. Lakini litazameni jambo hili kwa mfano wa mtu aliyejua kuliko wote wa zama zake, kabla televisheni haijaingia majumbani.

Irving Fisher alikuwa profesa wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Yale, na vitabu vyake juu ya fedha na riba vinasomwa hata leo vyuoni. Alipata utajiri kwa kubuni mfumo wa kupanga kadi za kumbukumbu za ofisi, akautumia utajiri huo, pamoja na fedha za kukopa, kununua hisa. Mwezi Oktoba mwaka 1929 alitangaza kwamba bei za hisa zimefika katika uwanda wa juu ambao utadumu. Siku chache baadaye soko la hisa la New York likaporomoka. Fisher aliendelea kuamini kwamba bei zitarudi, akazishikilia hisa zake mpaka mali yake ikaisha. Chuo Kikuu cha Yale ndicho kilichoinunua nyumba yake ili apate kuendelea kukaa ndani yake.

Huyu hakukosa elimu. Alikosa mtu wa kumzuia. Kinyozi hajinyoi, mkono wake ni mwepesi juu ya kichwa cha mwingine kwa sababu anakiona, lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Mtu mwenye sifa ya kujua hupata taabu zaidi, maana wale wanaomzunguka huona aibu kumuuliza, naye huona aibu kuuliza.

4. MAFUNZO MANNE KWA CHAMA

Funzo la kwanza: sahihi ni fedha. Karatasi tupu iliyotiwa sahihi ni sanduku lililoachwa wazi. Katika baadhi ya vyama mwenyekiti huishi mbali na ofisi, na kwa kuwa nauli ni ghali huombwa atie sahihi hundi tano au sita zisizojazwa ili kazi zisikwame. Humwamini katibu, na pengine katibu ni mwaminifu kweli. Lakini uaminifu wa katibu si sababu ya kumwekea mtego. Afadhali kazi ikwame siku mbili kuliko hundi iende kwa jina lisilojulikana. Na kwa mwanachama ni vivyo hivyo: asitie dole gumba katika hati ya mkopo kabla kiasi, riba na muda havijaandikwa na kusomwa mbele yake.

Funzo la pili: muda wa deni ulingane na muda wa kitu kilichonunuliwa. Hili ndilo lililomwangusha Ramsey, na ndilo linaloangusha vyama vingi vyenye mali nzuri. Tuchukue mfano. Tuseme chama kimekopa shilingi 12,000,000 kununua mashine ya kukoboa mahindi. Mashine inafanya kazi vizuri na kuleta ziada ya shilingi 300,000 kila mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Hata tusipohesabu riba, itahitaji miezi 40 kujilipia. Ikiwa mkopo ulitolewa kwa masharti ya kulipwa wote katika miezi 12, basi mwisho wa mwaka chama kitapungukiwa na shilingi 8,400,000, ijapokuwa hakuna aliyeiba, mashine haikuharibika, na wateja hawakupungua. Kosa lilifanyika siku ya kutia sahihi. Mkopo wa mbolea ulipwe kwa mavuno, mkopo wa mashine ulipwe kwa miaka ya mashine, na kila mara katibu aulize: "Mkopeshaji aweza kuudai mkopo huu kabla ya wakati wake?" Jibu liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Funzo la tatu: chombo chenye mto mmoja hukauka na mto huo. Kampuni ya Spencer ilitegemea nyumba zinunuliwe. Chama kinachotegemea zao moja, mnunuzi mmoja, au mkato wa ushuru wa msimu mmoja kimo katika hali hiyo hiyo. Dawa yake ni akiba ya lazima, ambayo wanachama huilalamikia kila mwaka wakitaka igawanywe. Orman, ambaye alionja kupoteza vyote, alikuwa akiwaambia watazamaji wake wawe na akiba ya dharura inayotosha matumizi ya miezi minane. Chama kijiulize: mnunuzi akichelewa kutulipa, tutaweza kulipa mishahara, ulinzi wa ghala na riba ya benki kwa miezi mingapi?

Funzo la nne: kuanguka si dhambi, kuficha ndiko kunakozaa dhambi. Wawili wa kwanza katika walimu wetu walisema wazi yaliyowapata, na kusema huko kukawa mwanzo wa kuaminiwa. Mficha maradhi, kifo humwumbua.

5. NAMNA YA KUUPIMA USHAURI

Je, basi tukatae mashauri ya mtu aliyewahi kufilisika? La. Aliyetumbukia shimoni anajua kina chake. Lakini ni lazima tukumbuke kwamba ushauri wa mtu hufuata umbo la jeraha lake. Ramsey huwafundisha watu kuepuka madeni karibu ya kila namna. Kwa mfanyakazi wa Marekani anayenunua nguo na samani kwa kadi ya mkopo, fundisho hilo ni dawa. Kwa mkulima anayekopa mifuko miwili ya mbolea mwezi wa kupanda, na kulipa baada ya mavuno kupitia chama chake, kuacha kukopa kabisa kwaweza kumaanisha kuvuna nusu. Ushirika wa mikopo ulianzishwa kwa ajili ya mtu kama huyo.

Kwa hiyo mshauri yeyote, awe wa televisheni, wa redioni, au mgeni aliyekuja na gari jeupe, aulizwe maswali matatu:
(i) Wewe unapata nini tukifuata ushauri wako?
(ii) Ushauri huu ulifaa watu wa hali gani, na hali yetu inafanana nao?
(iii) Ukikosea, ni nani atakayelipa?

Asiyependa kuulizwa maswali hayo ameshajibu.

6. MWALIMU WETU ALIYEKUWA MASKINI

Sisi wanaushirika tunaye mwalimu wetu ambaye naye alijua upungufu. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa mkuu wa mji mdogo wa Heddesdorf huko Ujerumani, na mwaka 1864 aliasisi hapo chama cha kukopeshana ambacho ni miongoni mwa mababu wa vyama vya akiba na mikopo duniani. Afya yake ilikuwa mbaya na macho yake yalififia. Mwaka 1865 alilazimika kuacha kazi ya serikali, na pensheni aliyopewa haikutosha kulisha familia yake. Mtu aliyewafundisha wakulima kujitegemea kwa fedha alijaribu kiwanda kidogo cha sigara, kisha biashara ya mvinyo, apate kuishi.

Tutazame namna alivyoviunda vyama vyake. Viongozi hawakulipwa mshahara isipokuwa mtunza hesabu. Liliwekwa baraza la kuwasimamia viongozi. Akiba kuu ya chama haikuruhusiwa kugawanywa. Chama kilihudumia eneo dogo ambamo watu walifahamiana, ili mkopaji ajulikane na wanaomkopesha. Kwa mpango huo, usalama wa fedha ya wanachama haukuning'inia juu ya mfuko wa mtu mmoja, hata mfuko wa mwasisi mwenyewe. Mtu aliweza kuwa maskini, na chama kikabaki salama.

Hapa ndipo ushirika unapotofautiana na televisheni. Televisheni huwaomba watu wamwamini mtu. Ushirika huwaomba watu waamini utaratibu, kisha huwapa daftari walikague.

7. KATIBU ANAPOBANWA NA MADENI

Sasa turudi kwa katibu wetu aliyesikia mnong'ono. Ameuguliwa na mtoto, au amejenga kupita kiasi, au ameingia ubia na mtu akamkimbia. Afanye nini, nacho chama kifanye nini? Tunapendekeza hatua zifuatazo.

(a) Amweleze mwenyekiti mapema, kabla wadai hawajafika ofisini. Mwenyekiti apokee habari hiyo kama apokeavyo habari ya ugonjwa, wala asiitumie kwa maneno ya uchaguzi.

(b) Katika kipindi hicho fedha taslimu zishikwe na mtu mwingine, au zihesabiwe na watu wawili kila jioni na kulinganishwa na daftari la fedha. Hatua hii isionekane kuwa adhabu. Ni ngazi aliyowekewa mtu ili asianguke.

(c) Fedha ya mauzo ipelekwe benki upesi, na kiasi cha kubaki sandukuni kiwekwe na kamati kwa maandishi.

(d) Katibu akiomba mkopo wa chama, ombi lake lipitie njia ile ile ya mwanachama mwingine: dhamana ile ile, kikomo kile kile, foleni ile ile. Wakati wa kulijadili atoke nje, na mtu mwingine aandike kumbukumbu.

(e) Mikopo ya viongozi na watumishi, na namna inavyolipwa, isomwe katika mkutano mkuu. Inaposomwa kila mwaka kwa sauti ya kawaida, mnong'ono hukosa kazi.

(f) Sanduku likaguliwe kwa ghafula mara kwa mara, hata pale katibu anapokuwa tajiri. Ukaguzi unaofanywa siku ya mashaka tu ni shutuma. Ukaguzi wa desturi ni kazi.

Wengi waliopotea katika kazi hii hawakuanza kwa nia ya kuiba. Walianza kwa kuazima kidogo siku ya Ijumaa wakikusudia kurudisha Jumatatu. Jumatatu ilipofika hawakuwa nacho, na hapakuwa na mtu ambaye wangeweza kumwambia. Laiti siku ile ya Ijumaa wangekuwa na wa kumwambia, au wangejua kwamba jioni sanduku lingehesabiwa na watu wawili, wangelala na njaa lakini wangeamka na jina lao. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza kwamba heshima ya mtu nayo yaweza kuisha kwa njia hiyo hiyo.

Basi katibu anayedaiwa asiache kufundisha akiba. Asimame mbele ya wanachama na kusema: "Ndugu zangu, hili nawaeleza mimi mwenyewe likiwa limenibana, na hivi ndivyo ninavyolilipa." Huenda somo la mwaka huo likasikilizwa kuliko yote.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Suze Orman alitia sahihi karatasi zisizojazwa. Je, katika chama chetu yako matumizi ya sahihi yanayofanana na hayo? Yatajeni na mpendekeze namna ya kuyakomesha.

2. Orodhesheni madeni yote ya chama chetu. Mbele ya kila deni andikeni muda wa kulilipa, na muda ambao kitu kilichonunuliwa kitafanya kazi. Ni deni lipi lisilolingana?

3. Mnunuzi wa mazao yetu akichelewa kulipa kwa miezi sita, chama kitaishi kwa nini?

4. "Katibu anayedaiwa asiguse fedha kabisa." Wengine waseme wanakubali kwa nini, wengine wanakataa kwa nini. Kisha kikundi kitoe pendekezo moja.

5. Ni lini mara ya mwisho sanduku la chama lilihesabiwa bila taarifa? Nani alihesabu, na matokeo yaliandikwa wapi?

Makatibu wanaombwa kuyaandika majibu ya swali la pili na la tano, kuyasoma mbele ya kamati, na kuyahifadhi katika jalada la elimu ya wanachama hadi mkutano mkuu ujao.